Gabari ya mkia wa mbayuwayu: tununue ipi kwa atelye ya vijana wetu?



Juma hili tunazungumza juu ya chombo ambacho wengi wetu hatujawahi kukishika, lakini fedha zetu ndizo zinazoombwa ili kinunuliwe. Vijana wanaojifunza useremala katika kartye yetu, wavulana na wasichana, wameleta ombi kwa vikundi vya akiba. Wanataka gabari ya kukatia viungo vya droo kwa mashine ya mkono. Siku ya kufungua sanduku inakaribia, na kila mama ataulizwa: ndiyo au hapana?

Si vizuri kusema ndiyo juu ya kitu usichokielewa. Wala si vizuri kusema hapana kwa sababu tu jina lake ni geni. Vijana hawa, wengine wamefika Bunia wakikimbia vita na wanaishi kwa jamaa au katika kambi za wahamaji. Kijana asiye na kazi mkononi huitwa na kila anayepita: huyu anamwita machimboni, yule anamwita porini kubeba bunduki. Kwa hiyo ombi hili tusilitazame kama ombi la kitu cha kuchezea. Lakini fedha za sanduku ni fedha za mihogo, za mandazi na za samaki wa Kasenyi. Zitoke kwa akili. Tumewauliza mafundi, tumetazama kazi yao, na hapa tunaeleza kwa maneno ya nyumbani.

Kiungo chenyewe ni nini?

Fungua droo ya kabati lako (wengine tunaiita tirwari). Tazama pembe ambapo ubao wa mbele unakutana na ubao wa kando. Katika nyumba nyingi utaona misumari miwili au mitatu na gundi iliyokauka. Kila unapovuta droo, unavuta ule ubao wa mbele, na mzigo wa vyombo au nguo unataka kubaki nyuma. Misumari imeingia kwenye ncha ya ubao wa kando, mahali ambapo nyuzi za mbao hazishiki msumari sana. Polepole inalegea. Siku moja unavuta, na ubao wa mbele unabaki mkononi.

Kiungo tunachozungumzia ni cha namna nyingine. Ncha ya ubao wa kando hukatwa kuwa vipande vinavyopanuka kuelekea mwisho, sawa na mkia wa mbayuwayu anaporuka. Ubao wa mbele huchongwa nafasi za umbo hilo hilo. Mikia ikiingia katika nafasi zake, huwezi kuitoa kwa kuvuta droo, kwa kuwa sehemu pana iko ndani na sehemu nyembamba iko mlangoni. Gundi inasaidia, lakini umbo lenyewe ndilo linaloshika. Mafundi waliosoma kwa Kifaransa wanasema kedaronde, yaani mkia wa mbayuwayu. Wafanyabiashara wanaotuletea vyombo kutoka Uganda wanasema mkia wa njiwa. Ndege ni wawili, kiungo ni kimoja. Nacho si kitu kipya: vyombo vya mbao vilivyokutwa katika makaburi ya kale ya Misri vina viungo vya namna hii.

Kiko cha aina mbili. Cha kwanza hakitokezi mbele: unakiona kwa kando tu droo ikiwa wazi. Hicho ndicho cha droo. Cha pili kinapita mpaka nje na kuonekana pande zote mbili za pembe. Hicho ni kizuri kwa masanduku ya nguo na ya vyombo. Shika tofauti hii, maana si kila gabari inakata aina zote mbili.

Gabari ni patroni

Kila mshonaji kati yetu anajua kazi ya patroni. Bila patroni, mikono miwili ya blauzi moja inaweza kutofautiana. Ukiwa na patroni, blauzi kumi zinatoka sawa. Gabari ndiyo patroni ya seremala.

Mashine inayotumiwa nayo mafundi wa hapa wanaiita defonsezi. Ni mota yenye mikono miwili ya kushikia, inayosimama juu ya ubao na kuzungusha kisu kidogo, frezi, mara 20,000 au zaidi kwa dakika moja. Gabari ni fremu inayobana mbao mbili, na juu yake kuna kitana cha chuma au cha plastiki ngumu. Mashine inatembea juu ya kitana, ikiingia na kutoka kati ya meno. Chini ya mashine kuna pete inayosugua meno hayo, ili kisu kisiyaguse. Mahali pete inapofika, kisu kinakata. Mahali pete inapozuiwa, kisu kinazuiwa.

Je, kazi hii haiwezi kufanywa kwa mkono? Inawezekana. Fundi mwenye msumeno mzuri, patasi kali na uvumilivu anaikata vizuri, na ndivyo ilivyokatwa kwa maelfu ya miaka. Lakini droo moja ina pembe nne, na kabati la droo tatu lina pembe 12. Kwa gabari, pembe moja inachukua dakika chache, mara tu chombo kinapokwisha kurekebishwa. Kurekebisha ndiko kunakokula muda. Basi gabari inafaa mahali panapotengenezwa droo nyingi zinazofanana. Kwa droo moja kwa mwezi, haifai kitu.

Aina nne za kuchagua

*Kwanza, gabari ya kitana kisichobadilika.* Mara nyingi ina upana wa sentimita 30. Inakata mbao zote mbili, ya mbele na ya kando, kwa mpito mmoja, na kiungo chake ni kile kisichotokeza mbele. Kampuni kama Porter-Cable ya Marekani na Trend ya Uingereza zinatengeneza za kipimo hicho, na zipo nyingi za majina mengine. Udhaifu wake ni kwamba nafasi kati ya meno haisogei. Fundi lazima apange urefu wa kwenda juu wa droo kulingana na kitana. Asipofanya hivyo, mkia wa mwisho unakatwa nusu na droo inaonekana kama mtoto aliyeng'oka jino.

*Pili, gabari ya meno yanayosogea.* Iliyojulikana sana ni ya Leigh, kampuni ya Kanada. Kila jino linasogezwa kivyake, na chombo kimoja kinakata viungo vya aina zote mbili. Ni chombo kizuri sana, lakini bei yake iko juu mno, marekebisho ni mengi, na kitabu cha maelezo lazima kisomwe na kusomwa tena. Kwa atelye inayoanza, ni kununua sufuria ya harusi kwa ajili ya kupika chai.

*Tatu, vitana viwili vya bamba nene.* Kimoja ni cha kukata mikia kwa frezi iliyopanuka chini, cha pili ni cha kukata nafasi kwa frezi iliyonyooka. Vinafungwa kwenye gogo la mbao, havina vibano vingi vya kuharibika, na vinadumu. Lakini vinakata kile kiungo kinachoonekana pande zote tu. Vinafaa kwa masanduku.

*Nne, kiolezo cha kujitengenezea.* Hili halisemwi na muuzaji yeyote. Kwa kipande cha tripleksi na frezi iliyonyooka, fundi anaweza kutengeneza kitana cha kukata kiungo cha vidole: meno yaliyonyooka yanayoingiliana kama vidole vya mikono miwili. Hakishiki kwa umbo kama mkia wa mbayuwayu, lakini kina nafasi kubwa ya gundi, na kwa masanduku mengi kinatosha. Na kwa anayekata kwa msumeno, kipande cha bati kilichokatwa kwa mshazari kinatosha kuchorea mikia: hatua moja ya kupanuka kwa kila hatua nane kwenye mbao ngumu, moja kwa sita kwenye mbao laini.

Sisi tunaona hivi: kama atelye inatengeneza makabati na meza zenye droo, aina ya kwanza ndiyo ya kuanzia. Kama inatengeneza masanduku tu, ianze na kiolezo cha kujitengenezea, na fedha zibaki katika sanduku.

Gabari na mashine lazima vipatane

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu ananunua gabari, anafika nayo, na mashine iliyopo haiendi nayo. Kabla ya kulipa, haya manne yaangaliwe, mashine ikiwa mezani.

Shina la frezi. Vyombo vinavyofika Bunia kwa njia ya Mahagi na Aru vinatoka nchi nyingi. Mashine nyingine zinashika mashina ya milimita 6, 8 au 12. Nyingine zinashika ya robo inchi na nusu inchi, yaani milimita 6.35 na 12.7. Kwa macho, 12 na 12.7 ni ndugu. Kwa mashine, ni maadui. Frezi nyembamba ndani ya shimo pana itaruka kama risasi. Hakuna kuizungushia karatasi wala bati ili ikaze.

Pete na frezi. Kila gabari inataka pete ya kipimo chake na frezi ya kipimo chake. Gabari nyingi za aina ya kwanza zinataka frezi ya nusu inchi yenye mshazari wa digrii 14. Ukibadilisha kimoja, viungo haviingiani, hata ukirekebisha mpaka jioni. Muuzaji aonyeshe pete ndani ya kifurushi. Kama haipo, aseme inapatikana wapi.

Ukubwa wa mashine. Zile ndogo za kushikwa kwa mkono mmoja ni za kusawazisha kingo. Kwa kazi hii inatakiwa yenye msingi mpana, inayofungwa imara kwenye kina ulichochagua bila kuteleza.

Kuranti. Mashine ya Marekani ya volti 120 ikiunganishwa na volti 220 inaungua mara moja. Soma kibao kidogo kilicho kwenye mota. Wale wanaofanya kazi kwa jenereta wajue kwamba mashine ya wati 1,200 haiendi vizuri kwa jenereta ya wati 1,200, kwa sababu inapoanza inavuta zaidi. Jenereta ya wati 2,000 au zaidi ndiyo yenye usalama. Mafuta yake pia yaingizwe katika hesabu.

Mbao mbichi itashinda kila chombo

Mbao nyekundu ambazo sokoni huitwa libuyu zinatufikia kutoka upande wa Komanda na Mambasa, na mikaratusi inatoka milimani Djugu. Mara nyingi zinashushwa zikiwa bado na maji. Fundi anazikata wiki hiyo hiyo, kiungo kinaingia vizuri, mama analipa. Miezi mitatu baadaye mbao imekauka, imejikunja, na kiungo kimefunguka. Gabari haina kosa.

Kanuni ya zamani ya mafundi ni karibu mwaka mmoja wa kukausha kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Zikaushwe chini ya paa, hewa ikipita, na vijiti kati ya ubao na ubao. Usizianike juani kama mihogo, zitapasuka. Atelye isiyo na akiba ya mbao kavu ianze na hiyo kwanza. Pia mbao zinyooshwe kwa randa ziwe na unene mmoja, na ncha zake zikatwe mraba. Gabari inafuata ubao: ubao uliopinda utatoa droo iliyopinda.

Namna ya kujua kama fundi amekielewa chombo

Sisi walimu tunajua kwamba mtu ameelewa pale anapoweza kueleza. Muulize kijana: kiungo kikibana mno, utafanya nini? Kwa gabari ya aina ya kwanza, jibu ni fupi. Frezi ikishuka zaidi, kiungo kinabana. Ikipanda kidogo, kinalegea. Ni mambo ya nusu milimita. Kisha muulize: unajaribia wapi? Aseme, kwenye vipande vya kutupa vyenye unene ule ule wa kazi. Akisema anajaribia kwenye ubao wa mteja, mwambie arudi kujifunza.

Na akipata kipimo kizuri, avitunze vipande vile viwili vya majaribio. Kesho atashusha frezi mpaka ilingane na kipande kile, bila kuanza upya.

Usalama: maneno ya mama

Mashine hii haina huruma. Haya yaandikwe ukutani mwa atelye.

Usiinue mashine kamwe ikiwa kati ya meno ya kitana. Frezi hii ni pana chini kuliko juu; ukiinua, inakata kitana, inakata ubao, na inaweza kuvunjika. Mashine itolewe kwa kuivuta kuelekea kwako, ikiwa imelala juu ya kitana. Kuranti ikikatika katikati ya kazi, zima kwanza swichi, ngoja frezi isimame, ndipo uitoe. Sisi wa Bunia tunajua kuranti inavyorudi bila kupiga hodi.

Kabla ya kubadilisha frezi, ondoa waya kwenye prizi. Vaa miwani na kinga za masikio. Nywele ndefu zifungwe, kitambaa kisining'inie, mikono mipana ya liputa ipandishwe. Funika pua na mdomo kwa maski nzuri: vumbi la mbao limetajwa na wataalamu wa afya duniani kuwa linaweza kuleta kansa ya pua kwa wanaolivuta miaka mingi, na lile la mvule linawasha macho na ngozi. Watoto wadogo wasichezee pale.

Tunaongeza neno juu ya wasichana. Tumesikia watu wakisema kazi hii ni ya nguvu za wanaume. Vibano vya gabari ndivyo vinavyoshika ubao, na mota ndiyo inayokata. Kinachotakiwa kwa mtu ni jicho la kupima, subira na mkono usiotetemeka. Msichana anayeshona rinda anavyo tayari.

Hesabu ya sanduku

Tuchukue mfano tu, si bei ya sokoni. Tuseme gabari ni dola 90, frezi mbili dola 20, usafiri dola 20, miwani na kinga nyingine dola 20. Jumla ni dola 150. Tuseme droo yenye kiungo kizuri inaiachia atelye dola 3 zaidi kuliko ile ya misumari. Basi zinatakiwa droo 50 ili fedha zirudi. Kwa makabati ya droo tatu, ni makabati 17. Sasa swali ni moja: je, atelye inauza makabati 17 katika muda gani? Kama ni miezi sita, mkopo unaeleweka. Kama ni miaka mitatu, tunawapa zawadi, na tuseme wazi kwamba ni zawadi.

Msisahau kwamba frezi inachakaa na lazima inolewe au inunuliwe nyingine, na kwamba barabara ikifungwa, bei ya kila kitu inapanda. Wekeni kitu kidogo pembeni.

Kisha muandikiane. Gabari ni ya nani: ya kikundi, ya atelye, au ya fundi mkuu? Inalala wapi usiku, na nani ana ufunguo? Kijana akimaliza mafunzo, anaweza kuja kuitumia? Ugomvi mwingi wa vyombo vya pamoja hautokani na chombo, unatokana na maneno yasiyoandikwa.

Ya kuuliza siku ya mkutano

Mama, nenda na maswali haya saba, na usione haya kuyasoma kwenye karatasi. Atelye ilitengeneza droo ngapi mwezi uliopita? Mashine iliyopo inashika shina la milimita ngapi? Pete na frezi zimo ndani ya bei? Mbao kavu zipo? Nani amefundishwa kukitumia chombo, na nani atawafundisha wengine, wasichana wakiwemo? Miwani na kinga za masikio zimenunuliwa? Fedha zitarudi kwa mafungu gani?

Vijana wakijibu yote saba, sisi tunasema wapewe, tena bila kuwazungusha. Wakijibu manne, wapewe muda wa kutafuta majibu matatu yaliyobaki, na wakati huo wajizoeze kiungo cha vidole kwa kiolezo cha tripleksi. Wasipojibu hata moja, tusiwacheke, tuwaambie tunawangoja. Na mwenye droo iliyong'oka ubao wa mbele aje nayo mkutanoni: tutaiweka mezani, na vijana watuonyeshe mbele ya wote mahali iliposhindwa na namna watakavyoitengeneza.